Pimeni Vioo vya Simu Gizani

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango la Kenya (KEBS)

KUH: KUPEPESA KWA VIOO VYA SIMU KATIKA MWANGAZA HAFIFU

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuhusu kasoro ambayo haionekani dukani. Simu ikijaribiwa kwenye kaunta, taa zimewaka na mwangaza wa kioo umepandishwa hadi juu, picha hutulia na rangi hupendeza. Kasoro hujitokeza usiku. Mwenye simu hushusha mwangaza ili asome ujumbe bila kuumiza macho wala kumaliza betri, na simu nayo, katika kuokoa chaji, hubadilisha idadi ya mara inazochora picha kwa sekunde. Hapo ndipo vioo vingi vya OLED, ambavyo maboksi huvitangaza kwa jina la AMOLED, huanza kupepesa. Ombi langu ni hili: kila aina ya simu inayoingizwa au kuunganishwa nchini ipimwe mpepeso wake katika mwangaza wa chini kabisa na wakati kasi ya kuchora picha inabadilika, kisha matokeo yaandikwe kwenye boksi kwa lugha ambayo mnunuzi anaielewa.

Nawasemea hasa watu wa Kericho na Bomet, kwa sababu maisha ya nchi ya chai yamehamia kwenye kioo cha simu, na kioo hicho hutazamwa gizani kwa muda mrefu. Tuko karibu mno na ikweta. Jua huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima, na usiku wa Julai una karibu saa kumi na mbili sawa na wa Januari. Mchumaji huamka kabla ya mapambazuko. Gari la kubeba majani likichelewa, mkulima husubiri kituoni hadi giza liingie. Viwanda kama Momul, Litein na Toror upande wa Kericho, au Mogogosiek, Kapset na Tirgaga upande wa Bomet, haviwezi kulaza majani mabichi yakisubiri asubuhi, kwa hiyo msimu wa majani mengi huwa na kazi za usiku. Stima ikipotea, na vijijini hupotea mara kwa mara, simu ndiyo hubaki ikiwaka. Malipo ya mwezi na bonasi, pesa za M-Pesa, karo, huduma za eCitizen, bima ya afya, habari za mtoto shuleni, yote hupitia kwenye kioo cha inchi sita na nusu. Mtu hawezi tena kuambiwa aache kukitazama kikimuumiza kichwa, kwa kuwa kuacha kukitazama ni kuacha kufuatilia kilo zake za majani.

Ili ombi langu lieleweke, lazima nieleze kioo hiki kinavyofanya kazi. Kioo cha LCD kina taa nyuma yake, na kazi ya nukta za picha ni kuzuia au kuruhusu mwanga huo. Kwenye OLED kila nukta hujiangazia yenyewe. Nyuma ya nukta kuna transista inayoipa mkondo wa umeme, na kuna kapasita ndogo inayoshikilia volteji ya kuiambia transista itoe mkondo kiasi gani. Kapasita hiyo ni kama pipa lenye tundu dogo: hujazwa, huvuja kidogo, kisha hujazwa tena kabla upungufu haujaonekana. Simu inapochora picha mara 120 kwa sekunde, yaani kwa hezi 120, pipa hujazwa kila baada ya milisekunde 8.3. Kwa hezi 60 husubiri milisekunde 16.7, na kwa hezi 10 husubiri milisekunde 100 nzima. Kadiri linavyosubiri ndivyo volteji inavyopotoka na mwanga wa nukta unavyobadilika, na likijazwa upya mwanga huruka kurudi ulipokuwa. Mrukio huo ukijirudia, jicho huuona kama kupepesa. Dawa ya kiwandani inajulikana. Transista za oksidi huvujisha umeme kidogo mno, na zikichanganywa na zile za silikoni hupatikana kioo cha aina ya LTPO, kinachoweza kushuka hadi hezi 1 bila kuyumba. Teknolojia hiyo iliingia kwenye saa za Apple mwaka 2018, ikafika kwenye simu ya Samsung Galaxy Note 20 Ultra mwaka 2020 na kwenye iPhone 13 Pro mwaka 2021. Zote hizo ni bidhaa za bei ya juu. Simu za AMOLED ambazo mkulima mdogo anaweza kuzifikia kwa kawaida zimebaki na transista za silikoni pekee, zile zinazovuja.

Uvujaji ni sehemu moja tu ya shida, kwa maana kubadilisha kasi kwenyewe kuna matatizo yake. Kioo cha kawaida cha simu kina mistari kama 2,400 ya nukta, na kila mstari hupewa zamu yake ya kujazwa ndani ya fremu moja, yaani kila picha inapochorwa. Kwa hezi 60 zamu hiyo ni takriban sehemu saba za milioni ya sekunde, na kwa hezi 120 hupungua hadi tatu na nusu. Nukta iliyopewa nusu ya muda haijai sawasawa na ile iliyopewa muda wote. Aidha, kila fremu inapoanza nukta hufutwa kwanza, mwanga wake ukashuka kidogo kabla ya kupanda tena, na kwa hezi 120 mishuko hiyo ni mara mbili ya ile ya hezi 60. Katika mwangaza mkubwa tofauti hizi humezwa. Katika kijivu kilichokaribia weusi, ambako mkondo wa nukta ni mdogo ajabu, tofauti ileile ndogo huwa sehemu kubwa ya mwanga wote uliopo. Ndiyo maana mtu anayesoma gizani huona ukurasa ukitulia, akiugusa kuusogeza unang'aa ghafla, akiuacha unafifia: simu imepanda kutoka hezi 60 hadi 120 na kurudi, na rangi za gizani hazikulinganishwa kati ya kasi hizo mbili. Wanaofuata ushauri wa kutumia mandhari meusi ili kuokoa betri ndio hukutana na shida hii zaidi, kwa sababu mandhari hayo huijaza picha rangi zilezile zilizo karibu na weusi.

Kuna pia suala la jinsi mwangaza unavyoshushwa. Vioo vingi vya OLED havipunguzi mkondo moja kwa moja mwangaza unaposhushwa, kwa kuwa mkondo mdogo mno huharibu ulinganifu wa rangi. Badala yake huwasha na kuzima nukta mara nyingi kwa sekunde, na kadiri unavyotaka mwanga hafifu ndivyo muda wa kuzima unavyorefushwa. Simu nyingi zimekuwa zikifanya hivyo mara 240 au 480 kwa sekunde. Nyingine za karibuni hupita mara 2,000. Iwapo mapigo hayo yamefungamanishwa na fremu, kila kasi inapobadilika idadi ya mapigo nayo hubadilika, na mhandisi asipopanga upya urefu wa kila pigo, mwanga wa jumla hauwi sawa. Kwa hiyo mwenye simu gizani hupambana na mambo mawili kwa pamoja: mapigo ya haraka asiyoyaona waziwazi, na mirukio ya mwanga anayoiona kila kasi inapobadilika.

Je, mapigo yasiyoonekana yanaweza kumdhuru mtu? Ushahidi bora ninaoujua unatoka kwenye taa, na unatuhusu kwa sababu umeme wetu una hezi 50 kama wa Uingereza. Mwaka 1989 Arnold Wilkins na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika ofisi za Uingereza zilizokuwa na taa za mirija. Taa za kawaida za aina hiyo hupepesa mara 100 kwa sekunde, kasi ambayo watu wengi hawaioni. Watafiti waliweka mfumo mwingine uliowasha taa hizo kwa kasi ya makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, wakabadilisha mifumo bila wafanyakazi kujua ni upi uliokuwa ukitumika. Chini ya taa za kasi ya juu, visa vya kuumwa kichwa na kuchoka macho vilipungua kwa zaidi ya nusu kwa wastani. Mwaka 2015 Davis, Hsieh na Lee walionyesha katika jarida la Scientific Reports kwamba picha yenye kingo kali ikipepesa, jicho linaweza kugundua athari zake hata kwa hezi 500, kwa sababu jicho halitulii. Hurukaruka, na kila likiruka hutawanya mapigo hayo juu ya retina. Maandishi meupe kwenye ukurasa mweusi ni kingo kali tupu.

Mwaka huohuo wa 2015 taasisi ya wahandisi ya IEEE ilitoa mwongozo wa 1789 kuhusu mpepeso wa taa za LED. Mwongozo huo unatupa kipimo cha kuanzia. Kati ya hezi 90 na 1,250, kina cha mpepeso kwa asilimia kisizidi kasi ikizidishwa kwa 0.08 ili hatari ibaki ndogo. Kwa hezi 240 kikomo ni asilimia 19.2, na kwa hezi 480 ni asilimia 38.4. Kioo cha OLED kilichoshushwa mwangaza kwa njia ya kuwasha na kuzima hukaribia asilimia 100, kwa kuwa kati ya pigo na pigo nukta huzima karibu kabisa. Ukipita hezi 3,000, mwongozo unahesabu kwamba hakuna athari ya kuhofia. Nasema wazi kwamba mwongozo uliandikwa kwa ajili ya taa, na wapo watu wa sekta ya taa waliouona mkali kupita kiasi. Nasema wazi pia kwamba sidai vioo hivi huleta kifafa: mshtuko unaotokana na mwanga huhusishwa hasa na mimweko ya polepole, takriban mitatu hadi thelathini kwa sekunde, kama ile ya katuni iliyowapeleka hospitalini mamia ya watoto wa Japani Desemba 1997. Dai langu ni dogo kuliko hilo na ni gumu zaidi kulikana. Wapo watu wanaoumwa kichwa na kuchoka macho kwa mpepeso wasiouona, na hakuna anayewaambia ni simu ipi itawatendea hivyo.

Watengenezaji wenyewe wanaijua shida hii. Ndani ya mfumo wa Android, ambao programu yake iko wazi kwa yeyote kuisoma, kuna sehemu inayomruhusu mtengenezaji kuweka viwango vya mwangaza wa kioo na wa mazingira ambavyo chini yake kasi ya kuchora picha hufungwa isibadilike. Lengo la sehemu hiyo ni kuzuia mpepeso. Simu ya Pixel 4 ilipotoka Oktoba 2019 ikitangazwa kwa hezi 90, wakaguzi waligundua kwamba ilirudi hezi 60 mwangaza uliposhuka chini ya takriban robo tatu. Wahandisi wa vioo nao wamejenga mbinu kadhaa: jedwali la kulinganisha rangi kwa kila kasi badala ya moja kwa zote; kuhama polepole kutoka kasi moja hadi nyingine badala ya kuruka kwa mkupuo; kuifuta nukta kwa idadi ileile ya mara hata picha isipochorwa upya; na kuacha mapigo ya mwangaza yaende kwa kasi moja isiyotegemea fremu. Kwa hiyo maarifa yapo. Kinachokosekana ni sababu ya kuyatumia kwenye simu ya bei nafuu, kwa maana boksi hutangaza hezi 120 kwa herufi kubwa na halisemi lolote kuhusu kinachotokea mwangaza ukiwa asilimia tano.

Hapa ndipo ninyi mnapohusika. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu, na haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi. Mamlaka ya Mawasiliano huidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijauzwa, na KEBS husimamia viwango vya bidhaa zinazoingia na zinazotengenezwa nchini. Tangu Oktoba 2023 simu zimekuwa zikiunganishwa katika kiwanda cha Athi River kilichoanzishwa na kampuni za Safaricom na Jamii pamoja na mshirika wao wa Kichina. Mlango wa kuingilia mnao, na kiwanda kiko ndani ya mipaka yenu. Naomba mambo manne. Kwanza, mpepeso wa kila aina ya simu upimwe kioo kikiwa kwenye mwangaza wa chini kabisa, kwenye asilimia kumi na kwenye nusu, kwa kila kasi ambayo simu hutumia na wakati inapohama kutoka kasi moja hadi nyingine. Pili, kasi ya mapigo, kina chake, na ukubwa wa mrukio wa mwanga wakati wa kuhama viandikwe kwenye boksi na kwenye tovuti yenu, kwa Kiswahili na Kiingereza. Tatu, kila simu ya OLED iwe na mahali pa wazi kwenye mipangilio ambapo mwenyewe anaweza kuifunga kasi isibadilike na kupunguza mapigo, hata kama rangi zitapotoka kidogo. Nne, vioo vya kubadilishia vinavyouzwa kwa mafundi viwe na alama inayosema ni vya aina gani na vinashushaje mwangaza.

Ombi hilo la nne linahitaji maelezo, kwa kuwa katika miji kama Kericho, Litein, Sotik na Bomet simu huishi miaka mingi mikononi mwa mafundi. Kila kioo cha OLED hulinganishwa kiwandani kivyake, na takwimu za ulinganisho huo huhifadhiwa kwa ajili ya kioo hicho. Kioo cha asili kikivunjika kikawekwa cha kuiga, takwimu zilizokuwa zikisawazisha rangi katika kila kasi huenda zisiendane tena na kioo kipya, na simu iliyokuwa tulivu huanza kupepesa. Fundi hana kosa, kwa sababu hakuna lebo iliyomwonya. Mteja naye hulipa, hurudi nyumbani, na usiku huanza kuilaumu miwani yake au umri wake.

Wako watakaonijibu kwamba mpepeso huwasumbua watu wachache. Ni kweli kwamba macho hayafanani, na wengi hutumia simu hizi bila kulalamika. Lakini uchache si sababu ya kunyima habari. Karanga huwadhuru wachache, na bado viambato huandikwa kwenye paketi ili wachache hao wajue. Zaidi ya hayo, hatujui uchache huo ni wa kiasi gani mahali ambapo mtu akiumwa kichwa jioni hudhani ni jua la shambani, moshi wa jikoni au uchovu wa kubeba kikapu. Kabla ya taa za ofisi za Uingereza kubadilishwa kwa siri, waliokuwa wakiumwa nao hawakuwa na namna ya kujua chanzo. Kipimo ndicho kilichotenganisha sababu na dhana.

Wengine watasema kwamba masharti mapya yatapandisha bei, na kwamba mwenye robo ekari ya chai atarudishwa kwenye simu ya mulika mwizi. Pingamizi hili nalipa uzito, kwa sababu simu nafuu imewafungulia watu milango mingi. Ndiyo maana siombi simu yoyote ipigwe marufuku, wala siombi kila simu iwe na kioo cha LTPO. Kupima mpepeso kunahitaji kihisi cha mwanga na osiloskopu, vifaa vya kawaida vya maabara ya elektroniki, na hupimwa sampuli ya kila aina, si kila simu. Kuandika tarakimu tatu kwenye boksi hakuongezi gharama ya kuhesabika. Kuweka kitufe cha kufunga kasi ni kazi ya programu, na nimeonyesha kwamba msingi wake umo ndani ya Android tayari. Mnunuzi wa simu nafuu akijua, anaweza hata kuamua kwamba LCD isiyopepesa inamfaa kuliko AMOLED inayopepesa, akatumia pesa pungufu. Anayebeba gharama leo ni yule aliyechukua simu kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku, mpango ulioenea tangu mwaka 2020, akagundua wiki ya pili kwamba haimfai, na bado ana miezi ya kuilipia.

Pingamizi la tatu ni kwamba Kenya ni soko dogo na watengenezaji hawatatusikiliza. Mambo yaliyotokea yanaonyesha vingine. Mamlaka ya Mawasiliano ilipotangaza mwishoni mwa mwaka 2024 kwamba namba za utambulisho za simu zinazoingizwa zitolewe taarifa kwa ajili ya kodi kuanzia Januari 2025, sharti hilo lilielekezwa kwa waagizaji na waunganishaji haohao ninaowazungumzia. Umoja wa Ulaya ulipoamua kwamba simu zote ziwe na tundu moja la kuchajia kufikia mwisho wa mwaka 2024, hata Apple, iliyopinga kwa miaka, ilibadilisha tundu lake. Tena chapa za Tecno, Infinix na itel, zinazomilikiwa na kampuni moja ya Shenzhen, zimejenga biashara yao kubwa barani Afrika. Kampuni ambayo soko lake kuu ni sisi haina mahali pengine pa kwenda kutafuta wateja wasiojali. Baadhi ya simu za karibuni katika bei za kati tayari hutangaza mapigo ya zaidi ya hezi 2,000 kama sifa ya kuuzia, na hilo linaonyesha kwamba mtengenezaji akiona tarakimu inatazamwa, huiboresha.

Pingamizi la mwisho ndilo linalosikika zaidi huku kwetu: kwamba nchi ya chai ina shida kubwa kuliko kioo cha simu. Bonasi za magharibi mwa Bonde la Ufa kuwa chini kuliko za mashariki, bei ya mbolea, mashine za kuchuma zinazochukua nafasi za watu, yote haya ni mazito, na hakuna anayepaswa kuyaweka kando. Lakini ninyi mliotajwa juu ya barua hii hamsimamii bonasi wala mbolea, mnasimamia vifaa. Kazi yenu ikifanywa vyema haipunguzi hata shilingi moja ya vita vya mkulima kuhusu bei ya chai. Tena vita hivyo vyenyewe sasa hupiganwa kwa simu: taarifa za kiwanda husomwa humo, mikutano huitishwa humo, hesabu za kilo hukaguliwa humo. Anayeshindwa kusoma kioo kwa nusu saa bila kichwa kuuma ameshindwa pia kufuatilia haki yake.

Huku mkitafakari, mnunuzi anaweza kuanza kujilinda, na naomba ofisi zenu zisambaze maelekezo haya kwa redio na kwa vituo vya Huduma. Chumba kiwe na giza, mwangaza wa simu ushushwe hadi mwisho, ukurasa mweupe ufunguliwe. Elekeza kamera ya simu nyingine kwenye kioo hicho: mistari myeusi inayopita ikionekana, kioo kinawasha na kuzima. Pitisha kalamu haraka mbele ya kioo: ukiona vivuli vingi vilivyotengana badala ya kivuli kimoja kilichofifia, mapigo ni ya polepole na ya kina. Kisha funga kasi kwenye hezi 60 kupitia mipangilio na uone kama mirukio ya mwanga imekoma. Majaribio haya hayatoi tarakimu, na kamera zinaweza kudanganya kulingana na kasi zake zenyewe, ndiyo maana hayawezi kuchukua nafasi ya maabara. Lakini yanamwezesha mtu kuuliza swali kabla ya kulipa, na muuzaji aliyeulizwa swali hilo mara kwa mara atalipeleka kwa anayemletea mzigo.

Napendekeza mwanzo usiohitaji sheria mpya. Chagueni simu kumi za OLED zinazouzwa sana nchini na vioo vichache vya kubadilishia, mvipime kwa masharti niliyoyataja, na mchapishe matokeo ndani ya mwaka mmoja bila kuweka kikomo chochote. Mnaweza kushirikisha Chuo Kikuu cha Kabianga na vyuo vya kiufundi vya Kericho na Bomet, ili wanafunzi wajifunze kupima bidhaa wanazotumia na takwimu zitoke pia mahali ambapo simu hizi hutumika gizani. Baada ya hapo waiteni watengenezaji, waagizaji, mafundi na wawakilishi wa watumiaji mjadili kikomo kinachofaa, mkiwa na vipimo mezani badala ya matangazo. Ikiwa vipimo vitaonyesha kwamba nimeikuza hatari, wananchi watakuwa wamepata uhakika kwa gharama ndogo. Vikionyesha kwamba niko sahihi, mtakuwa mmeizuia kasoro hii kabla simu za OLED hazijashuka bei kiasi cha kuingia kila nyumba.

Kwa kuwa suala hili linawahusu wengi, naomba mlijibu hadharani, na jibu lenu litaje tarehe ya kuanza kupima.

Wenu katika kuwatetea watumiaji,

Mwandishi,
Litein, Kaunti ya Kericho